Dawa katika upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo

Upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo ni tiba inayotumia mshipa wa mguu, mkono au kifua kupitisha damu kando ya ateri ya moyo iliyoziba. Mwaka 1967 René Favaloro aliuendeleza huko Cleveland, Marekani, kwa kutumia mshipa wa mguu. Nchini Tanzania hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Kabla ya upasuaji. Kwa kawaida aspirini huendelea kutumiwa. Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, husimamishwa takriban siku 5 kabla, kwa kuwa huongeza damu kuvuja.

Baada ya upasuaji. Aspirini huzuia damu kuganda ndani ya mishipa mipya. Utafiti wa wagonjwa 5,065 uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha vifo vya asilimia 1.3 kwa waliopewa aspirini ndani ya saa 48, na asilimia 4.0 kwa wasiopewa. Statini hushusha lehemu. Dawa za beta bloka hupunguza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Nachingwea na Ruangwa. Wagonjwa wanaoishi katika wilaya hizi za Mkoa wa Lindi wako zaidi ya kilomita 450 kwa barabara kutoka JKCI. Kwa hiyo ufuatiliaji wa karibu nyumbani ni muhimu: mgonjwa atunze orodha ya dawa zake, aioneshe kila kituo cha afya, wala asiache dawa yoyote bila ushauri wa daktari, hata akijisikia mzima.