Neno Kariakoo na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Aghalabu tunapoieleza historia ya Kiswahili hutaja tenzi, kamusi na sera za lugha. Katika mhadhara huu napenda tulichunguze neno moja la mitaani, Kariakoo, kwa kuwa ndani yake imehifadhiwa habari ya vijana waliochukuliwa kwa kazi ya muda mfupi ya kijeshi.

Tuanzie hapa Unguja. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na misheni ya UMCA mwaka 1871, na katika muongo huo wakawekwa hapo watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa; mwaka 1897 utumwa ukaondolewa uhalali wake kisheria. Haikupita miaka ishirini, mzigo ukarudi mabegani kwa jina jingine. Mwaka 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar wa misheni hiyohiyo, aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka visiwani kwenda kulihudumia jeshi la Waingereza bara, akapewa cheo cha meja.

Kwa nini wapagazi? Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na mvua ziliharibu njia. Chakula, risasi na majeruhi vikabebwa na binadamu. Katika nchi ambayo leo ni Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa lazima. Walichukuliwa pale jeshi lilipohitaji mabega, wakaachwa lilipokwisha kuyahitaji. Kuhara damu, malaria, kichomi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Takwimu rasmi za Uingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria hukadiria kuwa idadi halisi ilikaribia 100,000. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao.

Lugha nayo ilishiriki katika kuamua nani akumbukwe. Neno askari, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilikuja na bunduki na cheo. Mpagazi ni jina la kitenzi chetu wenyewe: kupagaa ni kubeba begani, kupagaza ni kumtwisha mwingine, na kupagawa ni kukaliwa na pepo. Katika mnyambuliko huo mmoja wamo mbebaji, mtwishaji na aliyepandwa. Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi pia. Lakini aliyewekwa juu ni askari mwenye bunduki, nasi tunaiita Sanamu ya Askari. Vivyo hivyo, mabaharia wa manowari Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, wana makaburi yao kisiwani Chapwani. Wapagazi wengi walizikwa kando ya njia.

Likabaki neno. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Sikio la Mswahili halikusikia konsonanti za mwisho ambazo Mwingereza mwenyewe hazitamki. Likaipokea irabu ndefu, likaipa irabu mbili: Kariakoo. Kambi yao ya Dar es Salaam ikawa mtaa, kisha soko. Kule Nairobi jina likaandikwa Kariokor. Hata hapa Unguja watoto husherehekea Idi katika viwanja vya Kariakoo. Neno limezoeleka kiasi kwamba mzigo wake hausikiki tena.

Weston mwenyewe, mwaka 1920, alichapisha kijitabu cha kupinga kazi za kulazimishwa nchini Kenya. Ilionekana wazi kwamba vita vilikwisha, lakini mazoea ya kuchukua nguvu za watu kwa amri hayakukoma.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi anayetunga kamusi asitosheke kuandika kwamba Kariakoo ni jina la soko. Aandike pia lilivyotoka kwa wabeba mizigo wa vita, kwani wengi wao hawana kaburi lenye jina wala daftari jingine linalowataja.