Posho ya Mtu Mmoja

Neno posho limesafiri mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Siku hizi mbunge hulipwa posho ya kikao, mtumishi anayekwenda wilayani hulipwa posho ya safari, na kwa jirani zetu wa Uganda posho ni ugali wenyewe ulio sahanini. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa chakula alichopimiwa mtu kwa siku moja, na mpimaji hakuwa mlaji. Mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka bara kwenda pwani alipewa aghalabu kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba ni robo ya pishi, na uzito wake ni karibu ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Nafaka kavu, iwe mtama, ulezi au mahindi, hutoa kalori kama 340 kwa kila gramu 100. Basi kibaba kizima ni kalori 2,300. Kwa mtu anayekaa kivulini hicho ni chakula cha kutosha. Kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 30 begani tangu alfajiri, ni njaa iliyopangwa.

Nimeanzia huko kwa sababu siku hizi hapa Katandala, na nadhani Sumbawanga yote, watu wanaulizana namba. Mtu akiambiwa apunguze uzito, swali lake la kwanza ni: nile kalori ngapi kwa siku? Akitajiwa namba anaipokea kama ilivyopokewa posho, bila kuuliza ni nani aliyeipima na kwa ajili ya nani. Mimi nilifundisha sayansikimu miaka mingi, na naona swali hilo la pili lina faida kuliko la kwanza. (Kalori ninayoitaja humu ni ile ya vitabu vya lishe, ambayo wanafizikia huiita kilokalori.)

Kupima joto la mwili ni kazi ya kale. Lavoisier, Mfaransa yule aliyekatwa kichwa mwaka 1794, alimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, akapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo. Lakini aliyeileta kalori jikoni ni Mmarekani, Wilbur Atwater. Katika miaka ya 1890 alijenga chumba kidogo kilichofungwa, akawaweka watu humo kwa siku kadhaa, akapima joto walilotoa, hewa waliyovuta na chakula walichokula. Kwake tumerithi hesabu inayofundishwa hata leo: gramu moja ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Atwater hakuwa akitafuta dawa ya unene. Alitaka mfanyakazi maskini ajue ni chakula gani kitampa nguvu nyingi kwa senti chache. Kwa maneno mengine, naye alikuwa akipima posho.

Aliyeigeuza ni mwanamke, daktari Lulu Hunt Peters wa California. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapiganwa, alitoa kitabu cha kuwafundisha wanawake wenzake kupunguza miili. Aliwataka waache kusema "kipande cha mkate" na badala yake wataje kalori zake. Kitabu kiliuzwa nakala kama milioni mbili. Humo ndimo ilimovuma namba 1,200, kiasi cha siku moja kwa anayetaka kupungua. Kule nyuma hesabu hii ilikuwa imesaka kiwango cha chini ambacho mtu asivuke kwenda chini. Sasa ikawa kiwango cha juu ambacho mtu asivuke kwenda juu.

Huku kwetu hesabu iliendelea kuwa ya posho. Mwaka 1931 Orr na Gilks walichapisha uchunguzi wao wa Wakikuyu na Wamasai nchini Kenya. Huyo John Boyd Orr ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Serikali za kikoloni zilikuwa na haja na habari hizo, maana mtu mwenye njaa hakati mkonge wala hachimbi shaba. Kazi ninayoipenda zaidi ni ya Audrey Richards, aliyekaa na Wabemba ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwetu, katika miaka ya 1930. Kitabu chake kilitoka 1939. Wabemba ni wala ulezi kama wazee wetu Wafipa, na ukikisoma unadhani anakisimulia kijiji cha bondeni hapa. Aliona kwamba chakula hakilingani mwaka mzima: kuna miezi ya shibe baada ya mavuno na miezi ya njaa mvua zikiwa nyingi. Aliona pia kwamba mtu aliyekwisha kula magunzi kadhaa ya mahindi ya kuchoma bado alilalamika kwamba hajala, kwa sababu ugali haujapita. Nani kati yetu hajasema hivyo? Mwenye kupanga kalori za mtu wa huku aliweke hilo mbele ya meza, maana mpango usio na ugali hautafika Jumapili.

Baada ya Uhuru bado tulihesabu kwa kuogopa upungufu. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973, na mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, na vikundi vyake vilivyokaa kusikiliza redio. Nilikuwa darasa la sita. Tulifundishwa kulima bustani za mboga, kuchanganya maharage na karanga, kumwongezea mtoto uji. Hakuna aliyetufundisha kupunguza, na ilikuwa haki. Hata sasa haki hiyo haijaisha: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ingawa mkoa wetu ni miongoni mwa ile minne mikubwa kwa mahindi. Ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwani siku hizi nyumba moja yaweza kuwa na mjukuu aliyedumaa na bibi mwenye kisukari, wote wakila chungu kimoja.

Wifi yangu ni mfano. Ana miaka 52, anauza nafaka sokoni, na mwaka juzi alikuwa na kilo 86 kwa urefu wa sentimita 158. Presha ilikuwa juu na sukari imekaribia mpaka, ingawa hakuwa ameanzishiwa dawa ya sukari. Mtu mmoja alimwandikia kwenye karatasi: kalori 1,200 kwa siku. Alishika amri hiyo siku 19. Alikuwa akitetemeka saa nne asubuhi pale sokoni, usiku haupati usingizi, na siku ya ishirini alikula chungu akakimaliza. Baada ya hapo aliacha mpango, na kwa aibu akaacha na kliniki ya presha. Hilo la pili ndilo lililonitia hofu. Akaniambia, "Wifi, mimi nimeumbwa mnene, niache nife nimeshiba."

Nilimsimulia habari za Minnesota. Mwishoni mwa 1944, Ancel Keys alichukua vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kupigana vita kwa ajili ya dhamiri zao, wakakubali kushindishwa njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokondeshwa na vita. Kwa wiki 24 walipewa kalori 1,570 hivi kwa siku na kutakiwa kutembea maili 22 kwa wiki. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Walisikia baridi, wakawa wakali, waliota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa, baadhi walikula hata wakashindwa kutosheka. Wifi alinisikiliza, kisha akauliza: "Hao walipewa 1,570?" Nikamwambia ndiyo. Ni kweli walikuwa wanaume na hawakuwa wanene, kwa hiyo hesabu zao si zake. Lakini alielewa kwamba kutetemeka kwake hakukuwa uchoyo wala udhaifu wa moyo.

Kisha tulikaa na kalamu. Iko kanuni iliyochapishwa Marekani mwaka 1990, inaitwa ya Mifflin na St Jeor. Kwa mwanamke, zidisha kilo zake kwa 10, ongeza sentimita zake mara 6.25, toa miaka yake mara 5, kisha toa 161. Kwa wifi inakuja 1,426. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wake ungetumia kama angelala kitandani kutwa bila kuinua mkono. Yaani ile karatasi ilimpa pungufu ya matumizi ya mtu aliyelala, naye hushinda amesimama na kuinua magunia. Tulizidisha kwa moja na nusu kwa ajili ya kazi zake, tukapata kama 2,140. Kutoka hapo ndipo mtu aanze kutoa.

Atoe ngapi? Mwaka 1958 daktari Max Wishnofsky aliandika kwamba ratili moja ya uzito ni kalori 3,500, yaani kilo ni kama 7,700, na watu wakaifanya hesabu ya dukani: punguza 400 kila siku, mwisho wa mwaka umetoa kilo 19. Haiwi hivyo. Mwili ukipungua, matumizi yake nayo hupungua. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walionyesha kwamba kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku huleta, mwisho wake, tofauti ya kilo moja, na nusu ya tofauti hiyo hupatikana kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa 400 wifi angetegemea kilo nane kwa mwaka, si 19. Ukimwahidi mtu 19, mwezi wa tano ataona ameshindwa na kuacha, ilhali alikuwa akienda vizuri.

Wapo wanaosema basi atembee zaidi, ale anavyotaka. Jibu limetoka kwetu hapa Tanzania. Utafiti wa Herman Pontzer uliochapishwa 2012 uliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaochimba mizizi na kuwinda kwa miguu. Wanaume walitumia kalori kama 2,600 kwa siku na wanawake kama 1,900. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, hazikuzidi za watu wa mijini Marekani. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo na sukari, na wifi ameambiwa atembee, lakini hakufuti sahani.

Basi tukachagua 1,700 na ushei. Lengo la uzito tulilitoa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2002: watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wenzao. Kwa wifi hiyo ni kilo sita. Alifurahi kusikia ni sita tu. Na polepole ilimfaa kwa sababu nyingine: mji wetu haujasahau miaka ya 1990, mtu alipokonda ghafla na majirani wakaanza kunong'ona. (Wapo wanaopewa kalori 800 chini ya macho ya daktari, na hao si wa kuigwa nyumbani. Na mwenye kumeza dawa za sukari asipunguze chakula kabla ya kumwambia daktari wake.)

Jikoni tulikubaliana kitu kimoja kabla ya vyote, kwamba chungu kisiguswe. Wajukuu wanahitaji yale mafuta ya alizeti na zile karanga. Kinachopungua kiwe cha sahani yake peke yake. Chai alikunywa vikombe vitano, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Akibakiza kijiko kimoja anaokoa kalori 160. Chapati ya asubuhi pale sokoni, kama 270, ilipisha kiazi kitamu cha kuchemsha, ambacho ni kama nusu yake. Ugali wa usiku nyumba yake husonga kilo moja ya unga kwa walaji sita, wastani wa kalori 600 kwa mtu. Akaacha robo ya fungu lake, akaongeza maharage kidogo na mboga nyingi. Jumla ni zaidi kidogo ya 400. Hakuna mizani ya gramu wala daftari la kila tonge, na ugali upo.

Tulianza Julai, wakati wa baridi na shibe. Kilipofika kipindi cha Januari hadi Machi, akiamka alfajiri kwenda kupiga matuta ya ntumba, namba ile haikumtosha. Tukaipandisha mpaka 2,000 kwa siku za shamba. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa miezi ya ghala tupu, kazi ikiwa nzito na chakula kidogo. Mama mkwe wetu, alipotuona tunaongeza ugali mwezi wa Februari na kuuita mpango wa kupungua, alicheka mpaka akakaa chini.

Aprili alipima kilo 81. Amerudi kliniki ya presha bila kuburutwa. Sukari atapimwa tena Juni, ulezi ukishaingia ndani.