Chujio la maji la mkaa: linavyotengenezwa na linapoishia

Maji ya bwawa yenye rangi ya chai yakipita kwenye mkaa hutoka meupe, bila harufu. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunayanywa yalivyo. Msikilizaji, kwanza tutengeneze chujio, kisha tuone kilichobaki kufanywa.

Mkaa unavyofanya kazi

Mkaa una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Rangi, harufu na baadhi ya kemikali hunasa humo. Unaofaa ni wa magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi au kuni, vilivyochomwa kwa hewa kidogo. Usichome mbao zenye rangi au dawa.

Hatua za kutengeneza

1. Ponda mkaa uwe punje kama za mchele. Uoshe mpaka maji yasiwe meusi. Osha pia kokoto na mchanga wa mtoni.
2. Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu madogo kwenye kitako, tandika kitambaa safi.
3. Panga kutoka chini: kokoto sentimita 5, kitambaa kingine, mkaa sentimita 15, mchanga sentimita 10.
4. Iweke juu ya ndoo nyingine safi yenye koki.
5. Maji yakae usiku kucha yatuame, kisha yamimine taratibu. Yale ya kwanza yamwage.

Usiishie hapo

Vijidudu vya kuhara na kipindupindu vinaweza kupita kwenye chujio hili. Chemsha maji yatokote kwa dakika 1 au zaidi. Au weka dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti, usubiri dakika 30. Dawa iwekwe baada ya kuchuja, kwani mkaa hunyonya klorini.

Lisichoweza

Chujio hili haliondoi chumvi. Wala haliondoi floridi, inayoharibu meno na mifupa ya watoto katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Kwa floridi hutumika mkaa wa mifupa uliochomwa kitaalamu.

Matunzo

Maji yakipita polepole, osha mchanga wa juu. Rangi au harufu ikirudi, badilisha mkaa.

Tunarudia: maji meupe si lazima yawe salama. Chuja, kisha chemsha au weka dawa, ndipo mtoto anywe.