Ritifaa katika Seva: Historia Fupi ya Kosa Moja na Maandalizi ya Maabara ya Majaribio, Kinyinya

Tarehe 30 Juni 2024 ilikuwa kikomo cha utunzaji wa CentOS 7, mfumo endeshi wa seva uliotolewa mwaka 2014. Taasisi yoyote ya Kinyinya, wilayani Gasabo, iliyoutegemea ililazimika kuhama. Makala haya yanauliza swali dogo la kiisimu: baada ya kuhama, majina yatapangwaje?

Agosti 2018 lilitoka toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, likiwa na kanuni mpya za mpangilio wa kialfabeti zinazofuata kiwango cha ISO 14651. Awali alama kama kistari na ritifaa zilipuuzwa katika hatua za mwanzo za kulinganisha maneno, sasa zinahesabiwa. Hifadhidata ya PostgreSQL iliyoachia mfumo endeshi kazi hiyo hubaki na faharasa iliyopangwa kwa kanuni za zamani. Faharasa isipojengwa upya, seva mpya hulitafuta jina mahali lisipokuwapo. Jina limo, ila mwenyewe ataambiwa hayumo. Matoleo ya zamani ya PostgreSQL hayakutoa hata onyo.

Kwetu ritifaa si pambo. Kiswahili, lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, huihitaji katika ng'. Kinyarwanda huitumia irabu inapodondoshwa, na hivyo imejaa katika majina ya vyama na ushirika.

Hapa mbunifu wa maabara hukutana na sheria. Sheria Na. 058/2021 hulinda data binafsi, na ni haki iwe hivyo. Majina halisi hayafai kunakiliwa ovyo ili kujaribia mitambo. Njia ya mkato ni kuyageuza namba. Lakini namba tupu hazina ritifaa wala kistari: jaribio litafaulu, na kosa litajitokeza dirishani mbele ya raia. (Nimeshuhudia jaribio la aina hiyo likipigiwa makofi.)

Napendekeza wanaisimu watunge majina ya kubuni ya Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, yenye ritifaa, vistari na herufi zenye alama. Yapangwe katika seva ya zamani na mpya, na kila mstari uliohama uandikwe. Orodha hiyo ni kazi ya siku chache, nayo yafaa iwe tayari kabla mashine pepe ya kwanza haijawashwa.