Utambulisho wa Kidijitali Uliogatuliwa

Utambulisho wa kidijitali uliogatuliwa ni mfumo ambao mtu hushika mwenyewe vyeti vyake, kwa kawaida katika simu, na kuonyesha kipengele kinachotakiwa tu. Mtoaji hukitia cheti saini ya kidijitali. Anayekipokea huihakiki bila kumwuliza mtoaji. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipitisha kiwango cha vitambulishi vilivyogatuliwa Julai 2022.

Badala ya mfumo huo, Kenya ilichagua sajili kuu ya taifa: kwanza Huduma Namba (2019), kisha Maisha Namba (2023). Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kwa kuwa athari zake kwa data hazikutathminiwa kwanza kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka. Hapo ndipo udhaifu wa sajili kuu ulipo: faragha, ambayo Kifungu cha 31 cha Katiba kinailinda, hutegemea uangalifu wa anayeitunza. Mvuvi wa Dunga, Kisumu, anayesajili laini ya simu humwachia wakala jina, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Katika mfumo uliogatuliwa, mahali panapotakiwa umri angethibitisha umri peke yake.

Pingamizi zito ni kwamba simu huibwa, huzama ziwani, na wengi hawana simu janja. Lakini mtoaji anaweza kufuta cheti na kutoa kingine, na saini huweza kuchapwa kwenye karatasi kama msimbo wa QR, ingawa karatasi haifichi vipengele kwa wepesi wa simu.