Kazi kwa Mlemavu: Habari za Sheria ya 1944 na Mafunzo Yake

Wahenga walisema, "Hujafa, hujaumbika." Maana yake ni kwamba hapana mtu awezaye kujigamba kuwa maungo yake yamekamilika maadamu yu hai, kwani leo ana miguu miwili na kesho pengine anao mmoja. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumwonya mtu asimcheke mwenzake aliyepungukiwa na kiungo. Lakini imo ndani yake maana nyingine isiyotajwa sana. Ikiwa kila mmoja wetu aweza kupatwa na ulemavu siku yoyote, basi swali la mlemavu atapataje riziki yake ni swali la watu wote. Katika insha hii nitaeleza jinsi nchi moja, Uingereza, ilivyojaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya sheria na afisi za serikali. Mahali ilipofaulu, mahali iliposhindwa, na jambo ambalo sisi wa Kenya twaweza kujifunza.

Zamani, katika nchi ile kama katika nchi nyingine nyingi, mlemavu maskini alikuwa na njia tatu tu mbele yake. Ya kwanza ni kutunzwa na jamaa zake, ya pili ni kuketi njiani na kuomba, na ya tatu ni kuingia katika nyumba za maskini, ambako alipewa chakula na mahali pa kulala lakini akapotewa na heshima yake. Watu wema walitoa sadaka, wala hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Hata hivyo sadaka, ijapokuwa humshibisha mtu, haimpi nafasi ya kusimama sawa na wenzake. Mwenye kupewa kila siku hana sauti barazani.

Hatua ya kwanza ya mabadiliko haikukusudiwa kwa walemavu hata kidogo. Mwaka 1909 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuanzisha afisi za kazi. Waziri aliyesimamia jambo hilo alikuwa Winston Churchill, na mtaalamu aliyemsaidia alikuwa William Beveridge. Afisi za kwanza zilifunguliwa tarehe 1 Februari 1910. Kabla ya hapo mtu asiye na kazi alikuwa akitembea kutoka lango la kiwanda kimoja hata jingine, akiuliza na kurudishwa, mpaka viatu vyake vikachakaa. Sasa aliweza kwenda mahali pamoja na kuandikisha jina lake na ujuzi wake; na mwajiri naye aliweza kupeleka hapo habari za watu aliowahitaji. Karani wa serikali alikuwa kama daraja baina ya hao wawili. Kumbuka daraja hilo, kwa maana ndilo lililokuja kuwafaa walemavu baadaye.

Vita vya kwanza vya dunia vilikwisha mwaka 1918, na askari wengi mno walirudi nyumbani wakiwa vipofu, au wamekatwa mikono na miguu, au mapafu yao yameharibiwa kwa gesi ya sumu. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1920 ya kuwalazimisha waajiri kuwapa kazi askari waliojeruhiwa vibaya. Uingereza ilichagua njia ya hiari. Mwaka 1919 kulianzishwa Orodha ya Taifa ya Mfalme. Mwajiri aliyekubali kwamba watu 5 katika kila 100 wa wafanyakazi wake wawe askari walemavu aliandikwa katika orodha hiyo kwa heshima, na serikali ilipotoa zabuni zake iliwapendelea walioandikwa. Maelfu ya makampuni yalijiunga, na askari wengi walipata kazi. Lakini mpango huu ulikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ulitegemea wema wa mwajiri, na wema hupungua biashara inapokuwa mbaya, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1930. Pili, ulikuwa wa askari peke yao. Mchimba makaa aliyevunjwa mgongo chini ya ardhi, msichana aliyepoteza vidole katika mashine, na mtoto aliyezaliwa kiziwi hawakuwa na sehemu yoyote ndani yake.

Vita vya pili ndivyo vilivyoyageuza mambo. Vijana wenye nguvu walipokwenda vitani, viwanda vilibaki na mashine bila watu. Mwaka 1941 Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, ambaye mwenyewe alikuwa amepanda kutoka katika vyama vya wafanyakazi, alianzisha mpango wa muda wa kuwafundisha walemavu na kuwatafutia kazi. Watu waliokuwa wakikataliwa miaka nenda miaka rudi wakaitwa, wakajaribiwa, na wengi wakaonekana kuwa wanaweza. Yafaa tuyatafakari hayo. Miili yao haikubadilika hata kidogo mwaka ule; kilichobadilika ni haja ya mwajiri, na macho yaliyokuwa yakiwatazama.

Mwishoni mwa mwaka huo kamati iliundwa ili kutazama jambo hilo kwa marefu na mapana. Mwenyekiti wake alikuwa George Tomlinson, mbunge aliyeanza maisha yake kwa kufanya kazi katika kiwanda cha kufumia nguo akiwa bado mtoto. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1943, na tarehe 1 Machi 1944, vita vikiwa vingali vikiendelea, Sheria ya Kuwaajiri Walemavu ilikubaliwa.

Sheria hiyo haikuuliza mtu aliumia wapi. Ilimhesabu kuwa mlemavu kila mtu ambaye, kwa ajili ya jeraha, ugonjwa au kasoro ya kuzaliwa nayo, alipata taabu kubwa katika kupata kazi inayomfaa au kudumu nayo. Askari na raia wakawa hali moja. Aliyetaka aliandikishwa katika daftari ya serikali, akapewa hati iliyojulikana kwa rangi yake ya kijani. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi alipaswa kuajiri kiasi fulani cha walioandikishwa. Kiasi hicho kiliwekwa kuwa watu 3 katika kila 100. Basi kiwanda chenye watu 200 kilipaswa kuwa na walemavu 6. Mwajiri ambaye hajatimiza hesabu yake hakuruhusiwa kumwajiri mtu mwingine asiyeandikishwa mpaka apate kibali, wala hakuruhusiwa kumfukuza mlemavu bila sababu ya haki.

Pamoja na hayo, katika afisi za kazi aliwekwa ofisa maalumu wa kuwasaidia walemavu. Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyekuwa moyo wa sheria yote. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mlemavu mmoja mmoja na kujua uwezo wake. Alitakiwa aulize, "Waweza kufanya nini?" kabla hajauliza, "Huwezi nini?" Kisha aende kwa mwajiri na kuichunguza kazi yenyewe: je, yahitaji kusimama au kukaa? Yahitaji macho au mikono? Fundi wa saa hahitaji miguu yenye nguvu, wala mpokea simu hahitaji macho. Aliyekuwa bado dhaifu baada ya kutoka hospitali alipelekwa katika kituo cha kumrudishia nguvu na mazoea ya kazi, na asiyekuwa na ufundi alipelekwa kufundishwa. Kwa wale ambao ulemavu wao ulikuwa mzito sana hata wasiweze kushindana katika viwanda vya kawaida, serikali iliunda shirika lililojulikana kwa jina la Remploy. Kiwanda chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1946 huko Bridgend, katika nchi ya Wales, na miongoni mwa wafanyakazi wake walikuwamo wachimba makaa walioumia migodini.

Mwanzo wake ulikuwa wa kutia moyo. Kufikia mwaka 1950 watu zaidi ya 900,000 walikuwa wameandikishwa. Mwaka 1955 Shirika la Kazi Ulimwenguni nalo lilitoa pendekezo kwa mataifa yote juu ya kuwafundisha walemavu na kuwatafutia kazi. Lakini sheria yenyewe ya 1944 haikuvuka bahari. Askari wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamepigana Ethiopia na Burma chini ya bendera ile ile, na miongoni mwao wako waliorudi na majeraha. Hata hivyo hati ya kijani ilikuwa ya watu wa Uingereza tu.

Hata huko Uingereza kwenyewe, jengo lililoanza vizuri lilianza kuingia nyufa. Ufa wa kwanza ulikuwa katika adhabu. Kuwa na walemavu pungufu ya hesabu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ni kumwajiri mwingine bila kibali. Na vibali vilitolewa kwa wingi mno, hata waajiri wakaviona kuwa jambo la kawaida. Katika muda wa nusu karne iliyofuata, walioshtakiwa kwa kuvunja sheria hii walikuwa wachache sana, watu wa kuhesabika kwa vidole. Mlinzi asiyebweka hamwogopeshi mwizi.

Ufa wa pili ulikuwa katika daftari. Wengi waliona kuwa kujiandikisha ni kujitia alama, na kwa kuwa alama hiyo haikuwaletea kazi, wakaacha kujiandikisha. Idadi ikashuka mwaka baada ya mwaka, mpaka ikafika wakati ambapo walioandikishwa hawakutosha waajiri wote kutimiza 3 katika 100 hata kama wangetaka. Basi mwajiri akasema, "Sitimizi kwa kuwa hawapo," na mlemavu akasema, "Sijiandikishi kwa kuwa hawatimizi." Kila mmoja alipata udhuru kwa mwenzake.

Ufa wa tatu ulikuwa katika fikira. Sheria ilitenga kazi mbili kuwa za walemavu waliojiandikisha: kuendesha lifti za abiria na kulinda mahali pa kuegesha magari. Nia ilikuwa njema. Lakini mtu aliyesoma hesabu au sheria, akaambiwa kwamba kazi aliyotengewa ni ya kubonyeza vitufe vya lifti, alielewa vizuri watu walimthamini kiasi gani.

Kwa sababu hizo walemavu wenyewe walianza kudai jambo jingine. Walisema kwamba hawaombi kutengewa pembe moja ya chumba, bali mlango wa chumba ufunguliwe. Baada ya kudai kwa miaka mingi, Bunge lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi mwaka 1995, na hesabu ya 3 katika 100 ikafutwa mwaka 1996. Sheria mpya ilimtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi kwa kadiri iwezekanavyo: apandishe meza, apanue mlango, abadilishe saa za kazi. Viwanda vya Remploy vya kuwaajiri walemavu vilifungwa, vya mwisho vikifungwa mwaka 2013. Wako waliofurahi kwamba mambo ya kutengwa yamekwisha, na wako waliolia kwa kupoteza kazi waliyoifanya kwa miaka mingi. Wote wawili walikuwa na haki, na mwanafunzi wa historia hana budi kuwasikiliza wote wawili.

Sasa tugeukie nyumbani. Kenya ilipata sheria yake kamili juu ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, yaani miaka 59 baada ya ile ya Uingereza. Iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ikakataza ubaguzi, na kutaja nafasi 5 katika kila 100. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, iliweka kiasi hicho hicho kwa nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika mabaraza ya umma. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pa ile ya 2003, nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee walemavu angalau nafasi 5 katika kila 100. Na sisi tuna daftari, tuna hati, na tuna afisi za serikali za kuwasaidia wanaotafuta kazi.

Msomaji ataona kwamba twapita karibu njia ile ile. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya wapatao 900,000, yaani 2.2 katika kila 100, walihesabiwa kuwa na ulemavu. Kwa hiyo twaweza kuuliza maswali yale yale. Je, yuko mtu anayekagua kama hesabu imetimizwa? Je, mlemavu anayejiandikisha anapata faida, au anapata karatasi tu? Je, yuko ofisa anayeijua kazi na kumjua mtu, na kuwakutanisha? Je, shule zetu zina ngazi tu, au zina njia ya kupitisha kiti cha magurudumu? Hili la mwisho si dogo, maana mtoto asiyeweza kuingia darasani leo, kesho hatakuwa na ujuzi wa kuandika katika fomu ya kuombea kazi, na sheria itakuwa imechelewa kumfikia.

Nyinyi mnaosoma kurasa hizi, baada ya miaka michache baadhi yenu mtakuwa makarani katika afisi hizo, wengine mtakuwa waajiri, na wengine, kama methali ilivyosema, mtakuwa mkitafuta kazi mkiwa na mwili usiokuwa kama huu wa leo. Sheria ya 1944 iliandikwa na watu wenye akili na nia njema, ikadhoofika kwa sababu waliokuja baada yao hawakuisimamia. Yetu nayo imekwisha kuandikwa. Kuisimamia kutakuwa juu yenu.