Mavazi Rasmi Katika Meli za Abiria

Sisi tukaao kandokando ya Ziwa Tanganyika tumekua tukisikia habari za meli Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande na kuishusha majini Kigoma mwaka 1915. Aliyepata kusafiri humo anajua kwamba cheo cha abiria kilikuwa katika tikiti yake: huyu ana chumba, yule analala sitahani kando ya magunia. Hatujapata kusikia abiria akiulizwa amevaa nini alipokwenda kula. Katika meli kubwa za baharini mambo yalikuwa mengine. Huko abiria wa daraja la kwanza, hata akiwa amelipa nauli yote, hakuhesabiwa kuwa mwenzao mpaka abadilishe nguo jua likichwa. Desturi hiyo haijafa. Tunakusudia kueleza hapa ilitoka wapi, na ilimfungia nani mlango.

Chanzo chake hakikuwa baharini. Matajiri wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na mazoea ya kuvua nguo za mchana na kuvaa nyingine kwa chakula cha usiku, hata wakiwa nyumbani mwao: koti refu lenye mikia nyuma, shati lililotiwa wanga hata likasimama kama ubao, na tai nyeupe. Mwaka 1865 fundi Henry Poole wa London alimshonea mwana wa mfalme, aliyekuja kuitwa Edward wa Saba, koti fupi lisilo na mikia kwa karamu zisizo kubwa. Ndilo lililozaa koti jeusi la jioni ambalo Wamarekani wameliita tuxedo, kwa jina la kitongoji kimoja cha matajiri karibu na New York. Meli iliibeba nyumba ya tajiri pamoja na sheria zake, ikaitia baharini.

Sheria hizo zilitaka masanduku. Abiria wa kwenda Bara Hindi alipewa vibandiko: sanduku hili liingie chumbani, hili halihitajiki njiani, litiwe ngamani. Ndiyo sababu ilikuwa desturi kwamba usiku wa kwanza na wa mwisho wa safari hakuna anayevaa rasmi, maana masanduku ama hayajafunguliwa ama yamekwisha fungwa. Usiku mwingine wote ulikuwa na deni lake la nguo.

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, deni hilo lilikutana na joto la Bahari ya Shamu. Hapo hata Mwingereza alishindwa. Walibuni vazi ambalo hata leo wanaliita kwa jina la bahari hiyo: suruali nyeusi, shati jeupe lisilo na koti juu yake, na kitambaa kipana kiunoni. Kitambaa hicho walikichukua Bara Hindi pamoja na jina lake, kamarbandi, ambalo asili yake ni Kiajemi, maana yake kifunga kiuno. Watu wa pwani yetu walikuwa nacho zamani, wakakiita mahazamu, neno walilolipata kwa Waarabu. Vivyo hivyo dobi, aliyefua mashati yale, jina lake ni lile lile kwetu na katika meli za Waingereza, kwa kuwa sote tulilipokea kutoka kwa Wahindi. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi maneno yanavyosafiri, hatakosa mfano.

Na kwa kuwa tumetaja maneno, yafaa tuondoe uongo mmoja. Hudaiwa kwamba neno posh, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kifahari, ni herufi nne zilizopigwa muhuri katika tikiti za kampuni ya P&O ili mwenye tikiti apewe chumba cha upande wa kivuli, wa kushoto akienda na wa kulia akirudi. Ni hadithi tamu, lakini tikiti yenye muhuri huo haijapata kuonekana, na watunzi wa kamusi hawaikubali.

Tuwatazame sasa waliokuwa nje ya meza. Septemba 1888 kijana wa miaka 18 alipanda meli Clyde huko Bombay kwenda kusoma sheria Uingereza. Jina lake Mohandas Gandhi. Ameeleza mwenyewe katika habari za maisha yake kwamba hakujua kutumia kisu na uma, wala hakuthubutu kuuliza ni chakula kipi kisichokuwa na nyama. Basi hakukaa mezani hata mara moja, akawa anakula chumbani matunda na vitamutamu alivyotoka navyo kwao. Melini alivaa suti nyeusi. Suti nyeupe ya sufu aliiweka akiba kwa siku ya kushuka, akidhani ndiyo itakayompendeza. Alishuka nayo mwisho wa Septemba, baridi imekwisha anza, akajiona kwamba yeye peke yake ndiye aliyevaa nyeupe. Hakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Kanuni za namna hii haziandikwi; hujulikana na wenyewe, na mgeni huzijua kwa aibu.

Kulikuwa na wengine walioingia chumba cha kulia kila usiku, lakini hawakukaa. Katika meli za P&O na za British India wahudumu wa mezani na wapishi wengi walikuwa Wagoa, waliovaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ili waonekane bila ya kutazamwa. Ndugu zao wengine walishuka Zanzibar na Mombasa wakawa wapishi, makarani na mafundi wa kushona.

Msomaji asidhani kwamba tunawacheka Wazungu peke yao. Pwani nako nguo ilikuwa mlinzi wa mlango. Joho, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana, na mtumwa hakuthubutu kufunika kichwa mbele yao. Ndiyo maana baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliopata uhuru walifanya haraka kuvaa kanzu na kofia, na wanawake kanga. Hawakuwa wakijipamba tu.

Uungwana huo wa nguo ulipimwa vikali usiku wa Aprili 1912, Titanic ilipozama. Kwa masimulizi ya mhudumu mmoja aliyeokoka, tajiri Benjamin Guggenheim alivua koti lake la kujiokolea, yeye na mtumishi wake wakavaa mavazi yao ya jioni, akasema kwamba wako tayari kuzama kiungwana. Wakazama. Tunauheshimu ushujaa wake. Lakini hesabu ya uchunguzi wa Waingereza inasema kwamba katika daraja la kwanza waliokoka abiria 203 kati ya 325, na katika daraja la tatu, ambako hakuna aliyekuwa na koti la jioni la kubadilisha, waliokoka 178 kati ya 706.

Safari za anasa, ambazo abiria haendi mahali bali anazunguka na kurudi, zilikuwa zimekwisha anza. Albert Ballin wa Hamburg aliipeleka meli Augusta Victoria katika Bahari ya Mediterania mwaka 1891 kwa matembezi tu, kwa sababu wakati wa baridi meli zake zilikosa abiria wa Marekani. Zamu ya kampuni nyingine ilikuja mwaka 1958, ndege za jeti zilipoanza kuwavusha abiria Atlantiki. Meli Uganda ya British India, iliyokuwa ikitoka London hadi Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi katika miaka ya 1967 na 1968. Mahali pa kwenda palipotoweka, ilibaki karamu. Usiku wa mavazi rasmi, uliokuwa wajibu, ukawa bidhaa: abiria hushuka ngazi kwa gauni refu, mpiga picha anangoja chini, na picha huuzwa kesho yake. Kuanzia mwaka 2000 kampuni ya Norwegian iliacha kuwalazimisha abiria wake. Cunard bado ina usiku wake wa karamu, na asiyependa kuvaa huelekezwa sehemu nyingine za meli.

Kanuni za Cunard zimekubali pia vazi rasmi la taifa la abiria. Basi mzee wa Lamu mwenye kanzu na joho ataingia bila ya tai. Lakini ni nani anayeamua lililo rasmi? Mwaka 1931 Gandhi alisafiri tena kwenda Uingereza, safari hii katika meli Rajputana, daraja la pili, amejifunga kitambaa chake cha pamba na shuka. Alipoona wingi wa masanduku ya wenzake alikasirika, na kadhaa yakarudishwa Bombay kutoka Aden. Mwezi wa Novemba aliingia kwa Mfalme George wa Tano na nguo zile zile. Tumewauliza wanafunzi wetu: kama angekuja leo usiku wa karamu, mhudumu wa mlangoni angemwonyesha kiti, au angemwelekeza sitaha ya juu? Darasa liligawanyika, na kengele ikalia kabla hawajapatana.